Mabati Yasiyokuwemo Kwenye Filamu

Leo pale soko la Owino, nikitafuta mkeka wa kununua, nimenusa mkeka wa mafunjo uliolowa mvua, nikakumbuka kibanda cha video cha kambi yetu ya polisi, kilichozungushiwa mikeka kama huo.

Baba, askari wa kambi hiyo, alikuwa amesingiziwa kuiba mabati ya stoo, na majirani waliacha kumsalimia. Siku moja mimi naye tulikwenda kibandani, tukakaa nyuma kabisa. Kwenye filamu, mtoro aliyesingiziwa mauaji alisimama mbele ya jaji. Jaji akasema kwa Kizungu, na mfasiri wa kibanda akatafsiri kwenye maiki:

"Afande, mabati hukuiba. Ludi kwa watu wako."

Filamu nzima haikuwa na bati hata moja. Watu wakageuka kumtazama Baba. Kisha mama mmoja akasogea kwenye benchi.

"Afande, kuja ukae."

Mungu ambariki mfasiri yule. Leo muuzaji wa mikeka alitaka kunipa mkeka mkavu. Nilikataa, nikachukua ule uliolowa.