Kikuba Ndani ya Boksi la Ndevu

Biashara yangu ilianza kwa hasira. Nikinunua mafuta ya mtoto, siku chache chupa tupu, na mwanangu ngozi kavu kama karatasi. Kumbe baba yake anajipaka kwenye ndevu. Na ndevu zenyewe bora zingekuwa ndevu: huku kichaka, huku uwanja wa mpira.

Nikasema, kama wanaume wa mji huu ndivyo walivyo, nitawauzia. Nikachemsha mafuta ya nazi kwa karafuu, nikatia udi kidogo, nikaongeza sabuni, kitana na wembe. Unalipa mwanzo wa mwezi, boksi linakufuata mlangoni, kila mwezi. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Kama king'amuzi?"

"Kama king'amuzi."

"Na mtu asipolipa, mnamzimia ndevu?"

Alipomaliza kucheka akatoa sharti. Mama yake yuko Paje, ana chumba kitupu, siku nyingi anatutaka tuhamie. Kama mpaka Idi biashara haijasimama, tunaiacha fleti ya Michenzani, tunakwenda kwa mama. Mkwe wangu simchukii. Lakini ni mtu wa kufunua sufuria lako, akaonja, akafunika, asiseme kitu. Nilikaa kwake arubaini yote baada ya kujifungua, nikatoka sijui tena kama najua kupika.

Nikakubali sharti, kwa kiburi tu.

Wateja wa mwanzo walikuwa kaka zangu, wenye maduka wa Mji Mkongwe, na baba mkwe, ambaye nilimwandikisha bila kumuuliza ili tuonekane wengi. Mwezi wa pili wakaanza kupungua. Hapo nikakumbuka somo la biashara, kidato cha nne: mpe mteja kitu asichokitarajia.

Nikawatilia kikuba.

Kwa asiyekijua, kikuba ni asumini, mrehani na mawaridi yaliyofungwa pamoja, mwanamke anakibandika kifuani kwa ajili ya mumewe, usiku. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Siku ya harusi yangu nilibandikwa kikubwa kama kabichi. Na bado akili yangu yote iliniambia: kinanukia, kitapendeza kwenye boksi.

Muuza maua wa Darajani alijaribu kuniokoa.

"Vyote hivi, mwanangu? Harusi ya nani?"

"Si harusi, Bi. Vya wanaume."

Akaniangalia, akanifungia, hakuuliza tena.

Juu ya kila kikuba nikaweka kadi yenye namba yangu ya simu: "Nukia. Tutaonana mwezi ujao." Nilijiona mjanja.

Maboksi yalikwenda Ijumaa asubuhi, ya mjini kwa vespa, la Paje kwa gari ya abiria. Mchana simu zikaanza.

"We mwanamke, mume wangu kaletewa kikuba. Katoa nani?"

"Nimetoa mimi, dada," nikajibu, kwa sauti tamu ya kuhudumia wateja.

Mpaka jioni waume karibu wote walikuwa wameshajitoa, au wametolewa.

Kesho yake mke wa mwenye duka mmoja alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. Wanja umekolea, baibui la kutokea, bangili mpaka karibu na kiwiko. Alikuja kupambana na mke mwenza. Nikafungua na kanga ya jana, begani matapishi ya mtoto, nywele nusu nimesuka, nusu zimesimama.

"Niitie huyo mwanamke."

"Ndo miye."

Akanitazama juu mpaka chini, akarudi juu. Kisha akaegemea mlango akacheka.

"Masikini! Na mie nshajipaka wanja."

Sijapata kutukanwa vile maishani. Nikampandishia: "Nani anamtaka mumeo? Ndevu kama fagio la chelewa! Mafuta nampelekea kwa kukuonea huruma weye!"

Akajishika shavu.

"Kweli, zanchoma," akasema. "Basi liandike boksi jina langu. Ntampaka mwenyewe. Na kikuba kisikose, lakini kije kwangu."

Mteja mmoja, tena mwanamke. Nikaanza kukunja nguo za mtoto kwa safari ya Paje.

Jumapili akapiga mkwe.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Babaenu kaletewa kikuba."

"Naam, mama."

"Na kadi. Tutaonana mwezi ujao."

"Naam."

"Kaleta nani?"

Nilimtazama mume wangu. Anakula.

"Miye, mama."

Nikasikia kuku wake kwa mbali. Kisha: "Mpe mwanangu simu."

Mume wangu akasikiliza, tonge mkononi. "Naam, mama. Hapana, mama, si mgonjwa. Ndivyo alivyo." Akaiweka simu chini.

"Anasema tukae huku huku mjini. Chumbani atatia mwani wake."

Yule mwenye wanja sijui aliwaambia nini wenzake, lakini mpaka Idi niliandika majina ya wanawake mpaka mkono ukauma. Waume hawajui wameandikishwa wapi, wanapakwa tu. Nikiulizwa niliwaza vipi kuwauzia wake, nasema nilifanya utafiti.

Idi tulikwenda Paje na sufuria langu la biriani. Mkwe akalifunua, akaonja, akafunika, hakusema kitu. Baba mkwe ndevu zinang'aa. Na mama, aliponipitia karibu, alinukia asumini tupu.