Benchi la Fundi Timazi

Walimwita Fundi Timazi kwa sababu katika miaka thelathini ya kujenga kuta hakuwahi kuamini jicho la mtu, hata lake. Kila mistari michache ya matofali aliishushia timazi, ile kamba yenye risasi nchani. Pombe hakuijua hata kwa kunusa, na kanisani alikaa benchi la wazee.

Mwaka jana miguu ikaanza kumkana. Siku moja alipepesuka juu ya jukwaa, nusura aanguke na karai la udongo. Msimamizi alimrudisha nyumbani na barua ya Kiingereza, naye Fundi akampa binti yake aliyemaliza kidato cha nne aisome. Mzee wa kanisa mwenzake, aliyekuja kumjulia hali, akatega sikio.

Binti akakutana na neno "stagger". Shuleni alilijua kwa sentensi moja tu ya ubaoni, ya mlevi akirudi kwake. Akatamka kabla hajafikiri, kwamba baba amekutwa kazini amelewa. Fundi alikana mara moja tu. Miguu yake yenyewe ilikuwa ikimsuta. Mgeni aliaga bila kumaliza chai. Jumapili iliyofuata Fundi aliambiwa ahamie benchi la nyuma, karibu na mlango.

Baada ya miezi minne hospitali iliona uvimbe ndani ya ubongo, upande wa kisogo, ndio uliokuwa ukimyumbisha, nao ulikuwa umeshakomaa. Ndipo binti akaifungua kamusi yake ya shule. Neno lile maana yake ni kwenda kama mtu anayetaka kuanguka. Asili yake ni lugha ya kale ya watu wa kaskazini ya mbali, na kwao lilikuwa kusukuma. Pombe haikuwamo hata tone. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote.

"Kumbe ni kusukumwa," Fundi akasema. "Hapo sawa. Nasukumwa kweli, ila anayenisukuma simwoni."

"Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Nenda kamwambie mzee mwenzangu. Nikienda mwenyewe nitayumba, atasema ni yale yale."

Alikwenda asubuhi ile ile, kamusi kwapani. Mzee wa kanisa alisoma mara mbili, akavua miwani, akaahidi kutangaza Jumapili. Fundi alifariki Ijumaa.

Tangazo likatolewa kaburini. Bwana aliujua ukweli tangu mwanzo, na hilo humfariji binti. Lakini baba alikaa miezi minne karibu na mlango, na aliyempeleka huko ni yeye, binti yake.