Mzingo wa Msala wa Mama

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ina ubichi wa majani, ina moshi wa debe lililoungua chini, na juu yake kuna ukali unaokwaruza pua na kukaa kwenye nguo mpaka kesho yake. Katika uwanja wetu wa nyuma, kule Temeke, harufu hiyo ilianza baada ya chakula cha mchana, baba akiwa bado zamu kiwandani na jua likiwa limeegemea upande wa choo. Mama alikoroga debe kwa mti wa mpera, khanga amejifunga kifuani, vidole vimekolea wekundu hata sabuni ya mche haikuvitoa. Nilivipenda vidole vile kuliko kitu chochote duniani, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wake wa pekee, nilidhani ni vyangu.

Mama alikuwa mtu wa Kilwa, na kazi aliyotoka nayo kwao ni kushona misala, ile mikeka midogo ya kuswalia. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa vidole vitatu au vinne. Kisha ukili hulazwa katikati ukiwa umenyooka, unakunjwa kichwani, unarudi, unakunjwa tena, na kila unavyozunguka unashonewa kwenye mzunguko wa ndani kwa shazia, sindano nene ya mikeka. Kwa hiyo msala hutoka na mbavu mbili zilizonyooka na vichwa viwili vya mviringo. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja wa kushona, mwingine wa kukaa mbele yake na kuushika ukili usijipinde kwenye kona. Huyo wa pili nilikuwa mimi. Magoti yangu yaligusana na ya mama, na alipokuwa akivuta uzi nilisikia pumzi yake usoni. Sikuwa msichana wa kupewa vitu vingi, lakini nafasi ile nilikuwa nayo, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuja akaikalia.

Aliyekuja aliitwa Koku. Baba yake alikuwa mwalimu, amehamishiwa shule yetu kutoka Bukoba, na walipanga vyumba viwili katika nyumba inayopakana na yetu. Mama yake alikuwa amefariki. Koku alizungumza Kiswahili cha bara, kimenyooka kama kimepigwa pasi, na alikuwa akipiga goti kumwamkia mama, jambo ambalo mtaani kwetu hatukuwa na mazoea nalo. Mama alimpenda siku hiyo hiyo. Mimi na Koku tulikuwa darasa moja, la saba, na mwanzoni sikumwona kuwa ni tatizo, maana hakujua hata kushika chane ya ukindu.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa ikisoma. Watoto tulisoma asubuhi, na alasiri madawati yetu yalikaliwa na mama zetu, waliokuja kwenye kisomo cha watu wazima na vitoto mgongoni. Mama alikuwa amekwisha kujua kuandika jina lake, na hesabu alizipenda kupita kiasi. Alijumlisha kila kitu alichokiona. Basi jioni moja Koku alikuja kwetu na kazi ya nyumbani, akakaa kwenye jamvi, akafungua daftari. Mama alichungulia, akaacha kushona. Kwenye ukurasa palikuwa na mchoro wa mstatili wenye nusu duara kwenye kila kichwa.

"Huu si msala huu?" mama akauliza.

Koku akautazama mchoro, akautazama msala uliokuwa mapajani mwa mama, akasema ndiyo, Mama Hawa, ni msala, na mwalimu anataka mzingo na eneo lake. Mchoro ule ule ulikuwa kwenye daftari langu. Nilikuwa nimeukokotoa mchana na kupata jibu la ovyo, na mimi, niliyejifunza kutambaa juu ya misala, sikuona kitu. Mpaka leo nakumbuka jinsi mama alivyogeuza uso wake mzima kumwelekea yule mtoto.

Koku alimweleza kwa kijiti mchangani. Umbo kama hili, alisema, usiliogope, livunje kwanza. Ukizikata zile nusu mbili ukazikutanisha, unapata duara moja zima, na katikati unabaki mstatili. Pima upana wa duara, zidisha kwa tatu na kitu kidogo, moja ya saba, umepata mzingo wake. Ongeza zile mbavu mbili, basi umeuzunguka msala. Mama hakuamini kwamba kila duara, kubwa kwa dogo, linatii hesabu hiyo moja. Kuanzia siku ile hapakuwa na amani ndani ya nyumba. Walizungushia kamba ungo, kinu, sufuria ya wali, kifuniko cha mtungi, hata kofia ya baba, naye akaivua bila kuuliza. Kila mara kamba ilipoenda mara tatu na kubakiza kile kidogo, mama alicheka kama msichana, na Koku akacheka naye. Walipofika kwenye eneo, mama akawa anakadiria ukindu wa msala mzima kabla hajaanza kusuka. Mimi nilichota maji, nilichambua mchele, na niliwachukia wote wawili, Koku zaidi.

Halafu akakaa kwenye nafasi yangu. Haikuwa kwa amri ya mtu. Nilirudi kisimani nikamkuta mbele ya mama, magoti yao yamegusana, ameshika ukili, na mama anamwonyesha jinsi ya kuulegeza kwenye kona. Mama akaniambia nitie kuni jikoni. Nikatia. Usiku nilimwambia baba kwamba Koku ni Mkristo na haifai ashike msala, na baba akanijibu kwamba ukindu hauna dini, nikalale.

Karibu na kufunga mwaka, kisomo kilitayarisha maonyesho ya kazi za mikono, na mgeni kutoka wilayani alitarajiwa. Mama alishona msala mkubwa, mweupe wote, na mzunguko wa mwisho alitaka uwe mwekundu tupu, bila kiungo hata kimoja. Ukili mwekundu aliusuka mara moja tu, kwa sababu rangi ilikuwa imekwisha madukani kama ilivyokwisha sabuni na mafuta, na hakuna aliyejua itarudi lini. Kabla hajaanza kuushona alitaka kuwa na hakika kwamba utafika. Aliupima kwa shubiri, akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akapata shubiri kumi na saba. Koku akapima msala. Upana wake shubiri tatu na nusu, kila ubavu shubiri nne. Duara linataka kumi na moja, mbavu zinataka nane, jumla kumi na tisa. Ukili haukutosha. Koku alirudia hesabu, ikatoka vilevile. Mama akachukua kisu, ili afumue mzunguko wa nje na msala upungue.

Hesabu ile mimi sikuifuata. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikitazama mikono yao, kwa sababu wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kutazama mikono yao na kuumia. Nilikuwa nimeona mkono wa mama, mrefu, mwekundu, ukitembea juu ya ukili, na mkono wa Koku, mdogo kama wangu, ukitembea juu ya msala.

"Mama," nikasema, "mkono wako si sawa na wa Koku."

Mama alisimamisha kisu. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Koku, akaona kinavyokipita. Kisha akaupima msala upya kwa mkono wake mwenyewe, kidole kwa kidole, akapata kwamba hata shubiri kumi na saba kamili hautaki. Ukili ulitosha, na kipande cha kukunjia kikabaki.

Nilingoja. Nilidhani sasa Koku atainuka na mimi nitakaa. Mama akanitazama kwa furaha, akasema, "Una macho, Hawa." Kisha akamgeukia Koku, akamuuliza kwa nini hesabu ile ile iharibike kwa mkono tu, na kama mtu anaweza kupima yote kwa mkono mdogo ikatoka sawa, na wakazama tena, vichwa vimekutana. Baadaye waliniita nilete mkono wangu, nao wapimie. Niliuleta. Jioni ile Koku ndiye aliyeshika ukili mwekundu, ukazunguka msala wote, ukakutana na mwanzo wake.

Siku ya maonyesho mgeni alimuuliza mama alijuaje kwamba ukili utafika, na mama, mbele ya watu wote, akaeleza upana, mbavu na moja ya saba, sauti haitetemeki. Alimtaja Koku kwa jina. Nilipiga makofi kama wengine. Baada ya likizo baba yake Koku alihamishwa tena, wakaondoka na masanduku yao alfajiri, na nafasi yangu nikarudishiwa. Nilikaa humo miaka mingi. Mama aliposhona alikuwa akinyanyua macho kuangalia uchochoro wa nyumba ya jirani, na nilijua anamtafuta nani.

Leo Temeke yetu haina mchanga wa kuchora duara. Uwanja umemwagwa zege, jirani amepandisha ghorofa, na mikeka tunayokalia ni ya plastiki, imekatwa na mashine. Mama anaishi kwangu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemkata kucha, ninayejua dawa ipi kabla ya kula na ipi baada. Majina mengi yamempotea. Juzi mjukuu wangu alikwama kwenye kazi ya shule, mlango wenye nusu duara juu, akaambiwa atafute eneo. Nilikuwa naanza kumwambia asubiri baba yake, mama akanyoosha kidole kilichopinda, akakata mchoro pale nusu duara inapoanza. Akamwambia asiuogope, auvunje kwanza. Akamfanyisha yote, mpaka jibu. Mtoto akastaajabu, akamuuliza bibi mkubwa alisoma wapi.

"Nilifundishwa na mwanangu," mama akasema.

Mtoto akanigeukia, amefurahi, akanionyesha kwa kalamu. "Huyu?"

Mama akanitazama vizuri, kwa upole, kama anavyowatazama wageni.

"Hapana," akasema. "Yule mwingine."