Bikizee Mwenye Taa, Toleo la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu nyekundu, rula ya plastiki na kiti kilichoyumba. Ofisi ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa, na dirishani zilipanda sauti za wanawake wakibishania bei ya mikungu ya ndizi. Mhariri Mkuu, mzee mnene aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alinikagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Umesomea nini?"

"Fasihi na falsafa."

"Falsafa." Alilionja neno hilo kama chai iliyosahauliwa sukari. "Basi, Falsafa, hapa tunachapisha vitabu vya kumjenga kijana Mkristo. Ukiwa na swali, weka alama ya kuuliza pambizoni, usonge mbele."

Jina hilo likaniganda. Hata mfagizi aliniita Falsafa.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza chuo na kuniuliza kazi ya uhariri ikoje. Kumbukumbu za namna hii huandikwa na wastaafu wenye pensheni na wajukuu. Mimi sina pensheni wala mjukuu. Nimestaafu kabla sijatimiza miaka thelathini, na sirudi.

Nilianzia meza ya prufu. Prufu ni kurasa za majaribio, kitabu kikiwa kimeshapangwa lakini hakijapelekwa mtamboni. Tulikuwa na desturi tuliyoiita kusomeana. Mmoja hushika mswada, yaani maandishi ya mwandishi mwenyewe, akausoma kwa sauti pamoja na kila alama. Mwenzake hufuata kwenye prufu kwa rula, mstari kwa mstari. Ungetusikia ungedhani tumerukwa na akili: "Samweli mkato aliposikia sauti mkato akaamka nukta." Ukisikia neno ambalo hulioni, unasema "Simama."

Msimamizi wa Prufu, mama mkali aliyekunywa uji siku nzima, alinifunza sababu. "Jicho lina adabu mno," alisema. "Linaona lilichotarajia kuona. Sikio halina adabu hiyo."

Kisha nikahamishiwa mauzo. Nilizunguka shule za Ogembo na Nyamira na sanduku la vitabu, nyuma ya Meneja wa Mauzo, aliyekuwa na sheria moja: mwalimu mkuu haonyeshwi ukurasa wa kwanza, anaonyeshwa jina la mchungaji aliyeandika dibaji. Vitabu vyetu vilifanana. Kijana anakosea, anaugua au anafungwa, anatubu. Watoto walivipokea kwa adabu na kuvirudisha maktaba bila hata kuvikunja. Nilianza kujiuliza tulikuwa tunamjenga nani.

Waliponipandisha cheo kuwa mhariri wa vitabu vya vijana, mswada wa Kwamboka ulikuwa umeshafika.

Kwamboka alikuwa mwalimu wa Sironga, rika langu, na hii ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Ilikuwa fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye sheria zake. Msichana anayeitwa Moraa anaanguka kwenye ufa wa mwamba wa Manga na kujikuta katika nchi ya chini isiyo na jua. Huko kuna bikizee anayetembea gizani na taa, akikusanya watoto waliopotea. Watu wa nchi hiyo wanaiogopa taa yake. Wanamwita mchawi, wanamuua. Siku ya tatu Moraa anaikuta taa inawaka kaburini, na utambi haujapungua.

Mimi si mtu wa kanisa. Hata hivyo nililia mezani.

Kama hujakulia huku, elewa jambo moja. Kwetu Gusii, mwanga unaowaka na kuzimika kilimani usiku una maana moja tu. Ni mchawi anatembea. Hakuna anayefundishwa hilo darasani, na hakuna asiyelijua. Kwamboka aliichagua taa makusudi. Nyanya yake aliyemlea alikuwa mjane aliyezika watoto wake wote, na majirani walikuwa wameanza kuuliza kwa nini yeye hafi. Isitoshe, aliamka alfajiri na taa ya mafuta kwenda kuchuma majani chai. Katika nchi hii bikizee amechomwa moto kwa sababu ndogo kuliko hizo.

"Nataka wasome waone aibu," Kwamboka aliniambia. "Wasipoona aibu, basi angalau wamzoee. Mtoto aliyempenda bikizee wa kitabuni hatamrushia jiwe wa kwetu."

"Na kama hawatasoma?"

"Falsafa, wewe huwezi kuamini kitu hata kwa dakika moja?"

Nilijaribu. Kwa ajili ya kitabu hicho nilijaribu kweli.

Kila mswada wetu ulipitia Kamati ya Wasomaji, wazee wa makanisa kadhaa waliokutana chini ya Mwenyekiti, mchungaji mstaafu mwenye sauti ya upole. Waliusifu ufundi. Waliusifu mwamba wa Manga. Halafu Mwenyekiti akavua miwani.

"Huyu mama wa taa. Ni nani?"

"Ni mfano wa Kristo, Mzee," nikasema. "Yeye ndiye nuru, wakamkataa."

"Mfano wa Kristo anazurura gizani na moto?"

"Ndiyo maana ya hadithi. Watu wanamwona vibaya."

"Hawamwoni vibaya, Falsafa. Wanamwona kama mama zao walivyowafunza. Wewe mwenyewe, ukiuona mwanga huo shambani kwa jirani, utaenda kuuliza ni mfano wa nani?"

"Mimi siamini uchawi."

"Usiamini. Lakini utakimbia au hutakimbia?"

Walicheka, hata Mhariri Mkuu. Ningekimbia, na Mwenyekiti aliliona hilo usoni pangu.

Uamuzi ulikuwa kwamba bikizee awe mchawi wa kweli, na Moraa amfukuze kwa maombi. Mkataba ulikuwa na kifungu cha mafundisho, kinachompa mchapishaji ruhusa ya kurekebisha lolote linaloenda kinyume na imani. Nilibisha mpaka nikanyamazishwa. Mhariri Mkuu aliiandika upya sehemu ya mwisho yeye mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiota kuwa mwandishi. Nilimpigia Kwamboka simu nikamweleza yote. Akasema atakuja asikie kwa masikio yake.

Tukasomeana. Yeye alishika mswada, mimi prufu.

"Bikizee akainua taa mkato," alisoma, "akasema mkato wanangu mkato njooni nukta."

"Simama," nikasema. Mbele yangu paliandikwa: *Mchawi akainua taa, akacheka.*

"Moraa akamkimbilia nukta."

"Simama." *Moraa akapiga magoti akamkemea.*

Aliendelea hadi mwisho, bila kuruka hata mkato, huku mimi nikisema simama, simama, simama. Msimamizi wa Prufu aliuacha uji wake ukapoa.

Mhariri Mkuu alikuja akasimama mlangoni. "Mwalimu, kitabu ni hiki ama hakuna kitabu. Sema neno moja tu, naufuta mkataba leo."

"Kataa," nikamnong'oneza.

Kwamboka aliigeuza kalamu vidoleni. "Nyanya ameshawaambia wamama wote wa kituo cha majani chai kwamba mjukuu wake ameandika kitabu, na yeye yumo ndani. Nikirudi mikono mitupu watasema hata kitabu kimemkataa." Akanitazama. "Hajui kusoma, wala Kiswahili hajui. Ataona jina langu, basi."

Akaitia prufu sahihi.

Kitabu kilizinduliwa kanisani kwa nyimbo na soda. Kwa mara ya kwanza niliona watoto waking'ang'ania kitabu chetu. Shule ziliagiza tena. Nasikia toleo la pili liko njiani, na mchoraji ameombwa aweke jaladani bikizee na taa yake.

Nilipoirudisha rula, Mhariri Mkuu alishangaa kwa dhati. "Hatimaye tuna kitabu kinachosomwa, Falsafa, ndipo unaondoka?"

Mnaoniuliza kama hadithi inaweza kubadilisha watu, jibu ninalo, na afadhali nisingelipata. Inaweza. Nilikuwa nimeenda Sironga kupeleka nakala za mwandishi, zile chache anazopewa bure, nikajionea.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, mwembamba, mchangamfu, kitabu mapajani kimefungwa kwa leso. Alinisalimia kwa Ekegusii, akanicheka kwa kutooa, akaniuliza kama mjini hakuna wasichana au tatizo ni uso wangu. Kwamboka akaleta viti. Watoto wa shule walikuwa wakipita barabarani. Walipofika langoni wakasimama, wakashikana mikono, wakapaza sauti pamoja kwa Kiswahili safi cha darasani:

"Mchawi wa taa, kwa jina la Yesu, zima! Toka! Usirudi!"

Maneno ya Mhariri Mkuu, neno kwa neno, hakuna mkato uliopotea.

Nyanya akatabasamu. Akaingia ndani, akatoka na chane la ndizi mbivu, akajikokota nalo hadi langoni. Watoto wakatimka wakipiga mayowe. Aliliweka chane juu ya jiwe, akarudi.

"Wana haya," alisema. "Lakini hawachoki. Kila siku wanakuja kunisomea kitabu." Akanigeukia. "Wewe uliyesoma sana. Wanasema nini?"

Maisha yangu yote nimeuliza maswali. Hilo moja niliulizwa mimi.

Kwamboka ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye ndizi pale langoni. "Wanasema, bikizee akainua taa, akasema, wanangu, njooni."

"Hivyo?" Nyanya aliridhika. Aliitoa taa yake nje, akakaa akaupunguza utambi kwa wembe, taratibu, akaijaza mafuta na kuking'arisha kioo chake kwa upindo wa gauni, ili alfajiri iwake vizuri zaidi.