Stili Waya na Wokimani ya Mkwe

Shule niliishia darasa la pili, lakini sufuria zangu zilijulikana mtaa mzima wa Miyuji. Maji tulikuwa tunanunua, kwa hiyo mimi nilisugua kwa mchanga na majivu, nikamalizia na stili waya, mpaka ukiinama juu ya sufuria unaona meno yako. Nilijivuna. Na majivuno hayo nusura yaninyang'anye mjukuu wangu wa kwanza.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi tu yamejaa vitu vya nje mpaka mlangoni. Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu. Mumewe, kijana wa kwetu huku huku aliyepata ukarani Dar es Salaam, alimwachia wokimani yake, ile redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni, asikilize akinyonyesha. Mtoto alipotimiza siku arobaini ikaja barua. Dada wa mkwe alikuwa anamwambia ndugu yake kwamba nyumba yetu ina vumbi, maji ya madumu, mtoto ataugua kifua. Kwa hiyo mkwe anakuja Jumamosi kwa basi la mchana, aone kwa macho yake, kisha aamue: awachukue au awaache wakae.

Mume wangu alikuwa Chemba kwenye mnada wa ng'ombe. Nilibaki peke yangu na fagio. Nilifua nepi mpaka vidole vikachubuka. Jumamosi asubuhi binti yangu yuko bafuni, nikaiona wokimani kitandani. Ilishadondoka sakafuni mara mbili tatu, rangi ya buluu imekwaruzika ubavuni, na chini ya mikwaruzo kuna bati jeupe linang'aa. Nikajiambia, kumbe uzuri uko chini, kama sufuria iliyoshika masizi. Nikachukua stili waya.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama mkwe hampi mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye ila kupitia kwa mtu, hata kiti alichozoea mkwe kukikalia yeye hakikalii. Na mimi nilikuwa nimeweka redio yake mapajani naisugua kama kifuniko cha chungu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naing'arisha."

Binti yangu aliinyakua. Rangi ilikuwa imetoka mabaka mabaka, na kila mahali mikwaruzo ya mviringo, kama kuku wamepekua.

"Mama, hii ndiyo aliyonunua kwa mshahara wake wa kwanza. Hata mimi ananiambia niishike na mikono mikavu." Akakaa kitandani, maji ya kuoga yanamchuruzika. "Atasema kama redio mmeifanya hivi, mtoto je?"

Hilo la mtoto ndilo lililoniinua. Saa ilikuwa nne. Basi huingia saa nane.

Niliifunga kwenye kanga nikakimbia kwa jirani yetu, fundi wa masanduku ya bati, rafiki wa mume wangu.

"Karibu, shemeji. Umebeba nini, mayai?"

Nikafunua. Akacheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

"Shemeji, hii mlikuwa mnaipikia ugali?"

"Cheka haraka, unisaidie. Ni ya mkwe."

Kicheko kikakatika. Naye alikuwa na mama mkwe. Akaigeuzageuza juani. "Rangi ya buluu kama hii sina. Lakini hili ni alumini. Ondoa rangi yote iliyobaki, halafu mikwaruzo yote uielekeze upande mmoja. Ikienda upande mmoja mtu anaona urembo. Hivi ilivyo, anaona umepigana nayo."

"Basi nifanyie wewe."

"Sanduku hili la mwanafunzi linapanda lori saa saba. Mkono unao, shemeji, si ndio ulioharibu?" Akanipa vipande viwili vya msasa, kimoja kikali na kingine laini, na kipande cha mbao. "Zungushia msasa kwenye mbao. Sukuma kwenda tu. Ukifika mwisho inua, rudi hewani, anza tena kule ulikoanzia. Usikandamize. Na mkono ukitaka kuzunguka, uukatalie."

Nyumbani tulitoa betri na kaseti. Kila tundu tuliliziba kwa plasta ya kidonda, unga wa bati usiingie ndani. Binti yangu aliishikilia juu ya kigoda, mtoto amelala mgongoni kwake, mimi nikapiga magoti kwenye udongo. Sukuma, inua. Sukuma, inua. Rangi ikaanza kutoka kama unga wa buluu. Jasho likaniingia machoni, sikuthubutu kulifuta.

Kazi ngumu haikuwa kusugua. Kazi ilikuwa kutozungusha. Mkono uliosugua sufuria miaka ishirini na tano una akili zake. Nilikuwa nimeshafika kwenye msasa laini, uso wa mbele umenyooka kama nywele zilizochanwa, mtoto akalia ghafla. Nikageuza kichwa. Mkono ukazunguka.

Duara moja, katikati kabisa.

Binti yangu akaikaza redio juu ya kigoda. Alinitazama tu, na mimi nikarudia msasa mkali, tangu mwanzo. Honi ya basi ilisikika barabarani nikiwa bado nasukuma.

Tulifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kula. Nasema ukweli, ilipendeza. Mistari midogo myembamba, yote imelala upande mmoja, na mwanga unateleza juu yake. Binti yangu akarudisha betri, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Mama, umeiua."

 Nikampokonya, nikafungua kifuniko, nikakuta plasta moja bado imeng'ang'ania pale betri inapogusa. Nikaibandua kwa meno. Kaseti ikazunguka. Na hapo hapo mlangoni: "Hodi!"

Nilikimbilia jikoni, kanga kichwani. Mkwe akakaa ukumbini, ukuta wa udongo katikati yetu. Nilimsikia akimbeba mtoto, akimpima kwa mikono. Akauliza anakohoa? Hakohoi. Maji mnachemsha? Tunachemsha. Kisha nikasikia kitufe kikibonyezwa, na nikajua ameiona.

"Hii ndiyo ile yangu?"

"Ndiyo."

"Imefanywa nini?"

Binti yangu akaanza, "Fundi mmoja..." na nikasikia sauti yake inavyotafuta njia. Akidanganya kuhusu redio, kesho atasadikiwa vipi kuhusu kifua cha mtoto? Nikasema kwa nguvu, nikiutazama ukuta:

"Mwambie ni mimi. Niliisugua na stili waya nikidhani ni uchafu. Nikaiharibu. Halafu nikaitengeneza. Mwambie najua sikupaswa kushika kitu chake, anisamehe."

 Mtoto akapiga chafya, nami nikamlaani rohoni huku nampenda.

"Mwambie mama," mkwe akasema, "nilipoingia nilidhani ni mpya."

Halafu akasema: "Mwambie kwamba dada yangu aliniambia hapa wanaficha mambo. Sasa mimi naona hawafichi. Watabaki. Mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe."

Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Mimi siyo.

"Mwambie mpaka atambae!"

"Mwambie mpaka akae."

"Mwambie huku kwetu watoto hutambaa mapema!"

Akacheka, kisha akasahau kupitia kwa mkewe. "Mpaka akae, mama."

"Haya, baba," nikamjibu. Desturi iliumia kidogo pale, lakini haikufa.

Watu hukalisha watoto kwa kuwazungushia mito wakiwa na miezi minne. Mito yangu niliifungia kabatini. Yule mtoto alikaa alipotaka mwenyewe, karibu mwezi wa nane, na barua ya kumjulisha baba yake nilichelewa kuipeleka posta.