Siku Niliyomeza Maji ya Hasira

Nilipokuwa mtoto, mwezi tuliuulizia dukani. Sitanii. Anayeijua Tukuyu anajua kwamba Novemba ukungu ukishatua, unaweza kukaa wiki mbili bila kuliona anga. Mwezi utazaliwa huko juu, utanenepa, utakonda, na wewe hutapata habari. Na bibi yangu alikuwa mvuaji wa kambale. Kwake yeye, mtego uliotegwa bila kujua umri wa mwezi ulikuwa kikapu tu kilicholowa.

Basi kila nikitoka shule nilipitia kwa Mzee Shabani, muuza vitenge jirani na soko, ambaye babu yake alitoka pwani na cherehani moja. Yeye siku za mwezi alizihesabu kwa ajili ya mfungo, na alikuwa na ndugu huko kwao, kwenye anga wazi, wa kumpa uhakika kwa simu.

"Shikamoo, mzee. Bibi anauliza mwezi."

"Marahaba. Mwambie leo ishirini na tano. Na mwambie yule kambale aliyeniahidi mwaka jana naona bado anaogelea."

Nilikuwa na daftari maalumu. Kila siku nilichora mwezi: duara tupu ukiwa mpevu, duara jeusi ukiwa umekufa, na pembeni vijistari vya mvua, vichache kwa manyunyu, vingi kwa dhoruba. Bibi hakujua kusoma, lakini daftari lile alilisoma kuliko mimi. Alilishika karibu na moto, akafuata mistari kwa kidole, akaguna kama daktari anayeangalia majibu ya maabara.

Nayasema haya nikiwa na digrii ya sayansi ya uvuvi iliyolala kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, mwaka wa tatu sasa. Nimefanya intavyuu nyingi mpaka naota mapazia ya maofisi. Wanataka experience ya miaka mitano. Nitaitoa wapi, jamani, tumboni? Kuna siku nilitaka kuwaambia kwamba field nilianza darasa la tatu, na bosi wangu alikuwa bibi mwenye kanga mbili na meno sita, na hata siku moja hakuniandikia we regret to inform you.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kungoja. Chini ya kijiji cha Lufingo, mashamba ya migomba yanapoishia, kuna kinamasi, na kijito kinachoingia humo. Kambale hukaa kwenye tope kiangazi chote. Mvua za kwanza zikichafua maji, wanatoka gizani kupanda kijito kwenda kutaga mayai kwenye majani yaliyofurika. Mwezi ukiwaka hawathubutu. Bibi alitaka vyote vikutane: mwezi uliokufa, maji mekundu, na upepo unaotoka mlimani. Siku zenyewe hazikuzidi nne kwa mwaka mzima. Ukizikosa, unakula maharage mpaka mwakani.

Mwaka ule bibi alitangaza kwamba Sekela, yaani mimi, nitakwenda mtoni kwa mara ya kwanza na kuinua mtego wa kwanza. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilikuwa nikiamka natega sikio kama mvua bado ipo.

Aliyepinga ni baba mdogo Asajile, kitindamimba wa bibi, ambaye ndiye aliyeisuka mitego. "Mama, mtoto wa kike mtoni siku ya kwanza? Samaki watageuza."

"Kwani mimi ni mwanaume?"

"Wewe ni mama."

"Nilizaliwa nikiwa mama?"

Lugano, mwanawe baba mdogo, binamu yangu mwenye miaka kumi na miwili, alicheka mpaka akaingiza uso ndani ya fulana. Baba mdogo akaona ameshindwa, akatoa sharti lake. "Haya, aende. Lakini mitego ikitoka mitupu, huyu mtoni hatakanyaga tena. Atabaki na kuku."

Bibi akakubali. Nami nikajua kwamba maisha yangu yote ya uvuvi yamewekwa ndani ya vikapu vinne vya mianzi.

Asubuhi ya siku ya kutega, nilimkuta baba mdogo nyuma ya jiko anavuta tumbaku. Ile karatasi aliyosokotea ilikuwa na vijistari vya mvua. Vyangu. Nikatazama duara langu jeusi, mwezi mzima uliokufa, likiwaka taratibu kuelekea midomoni mwake. Daftari lilikuwa kwenye paja lake, limebaki jalada na kurasa mbili. Miezi mitano ya data, wasomi wenzangu, ilivutwa mbele ya macho yangu, na yeye akanitolea moshi puani akisema, "Umeamka, mwanangu? Nenda kachote maji."

Nilikwenda kuchota maji. Ningesema neno kungekuwa na ugomvi, na ugomvi ungeniacha na kuku.

Hapo ndipo ilipo shida, kwa sababu kwetu wazee waliamini kwamba hasira ikifungiwa kifuani hutoka na pumzi. Inamgusa ng'ombe, maziwa yanakauka. Inamgusa mtoto, anaharisha. Samaki ndio wanaoinusa kwanza. Kwa hiyo mtego haukuingia majini kabla watu hawajasema yaliyo vifuani. Unataja hasira yako mbele ya unayemkasirikia, unaweka maji mdomoni, unayapuliza nje. Imetoka.

Alasiri, tulisimama ukingoni na ukungu ukitupita magotini. Bibi akachota maji kwa kibuyu.

Lugano akaanza. "Nina hasira na Sekela. Alinisemea kwamba mimi ndiye niliyekula ndizi za wageni." Puu, akapuliza.

"Nina hasira na mama," akasema baba mdogo. "Alimpa jirani beberu wangu bila kuniuliza." Puu.

"Na mimi nina hasila na Asajile," akasema bibi kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa. "Paa langu linafuja tangu Pasaka, na mafundi wote wa kijiji hiki nimewazaa mimi." Akapuliza mbali kuliko wote, pamoja na yale mapengo.

Kibuyu kikanifikia.

"Mimi sina."

Bibi akanitazama. "Huna?"

"Sina, bibi."

Nikaweka maji mdomoni, nikainama kwenye majani. Na hapo nikaogopa. Kupuliza uongo mtoni niliona ni kosa kubwa kuliko uongo wenyewe. Kwa akili yangu ya miaka tisa nikaona njia ya kati: nikatoa sauti ya kupuliza, puu, na maji nikayameza.

Yalikuwa ya baridi na yana ladha ya udongo. Nayakumbuka mpaka leo yakishuka.

Kesho yake kulipopambazuka tulirudi. Mtego wa kwanza ulikuwa wangu, kama alivyoahidi bibi. Niliuinua peke yangu, na ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilianguka nyuma. Majani. Wa pili, majani. Wa tatu, kaa mmoja mwenye gando moja, akitutazama kama sisi ndio tumemkosea. Wa nne sikutaka hata kuuona.

"Si nilisema?" Baba mdogo alirusha mikono. "Mwezi umekufa sawasawa, maji yamechafuka, mitego nimesuka mimi mwenyewe. Kilichoongezeka mwaka huu ni kitu gani? Ni huyu hapa!"

Bibi alichuchumaa, akaingiza mkono majini, akakaa hivyo kidogo. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Kuna mtu amemesa maji."

Amejuaje? Nimejiuliza swali hilo kwa miaka, na nina jibu la kisomi na jibu lingine. La kisomi ni kwamba koo la mtoto likimeza huonekana. Lile lingine liacheni.

Nilikuwa na mawili. Nikinyamaza, ni bahati mbaya tu, labda mwakani bibi atanitetea tena. Nikisema, nimempa baba mdogo ushindi kwa mkono wangu, na kuku wananisubiri. Nilimtazama bibi, na mkono wake bado ulikuwa majini, unazidi kuwa mwekundu kwa baridi, na nikaona hatautoa mpaka mtu aseme.

"Ni mimi."

"Heee!" akasema baba mdogo.

"Ni mimi, na hasira ni yako wewe!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Umevuta daftari langu! Miezi yote umevuta! Nimekwenda kwa Mzee Shabani kila siku, nimenyeshewa, nimechora, na wewe umekaa nyuma ya jiko unavuta, na ukanituma maji!"

Mtoto kwetu hamsemeshi mkubwa hivyo, hata siku ya kibuyu. Lugano alikuwa amefumba macho akisubiri kofi.

"Lile daftari," akasema baba mdogo, "lilikuwa la mwezi? Mimi nilidhani la hesabu."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Baba mdogo hakucheka. Alichukua kibuyu, akachota, akanisogelea na kuchuchumaa ili tulingane. "Nimekosa, mama," akaniambia, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. Akapuliza pembeni. Kisha akanipa kibuyu. Nilijaza mashavu, na sikugeuza uso. Nilipuliza yote, na yote yakamwingia machoni.

"Imetoka," akasema, akijifuta. "Hiyo imetoka kabisa."

Tukategesha upya. Mchana ule wanunuzi wa viazi waliotoka Isongole na bodaboda walipita wamelowa chapachapa, wakasema huko juu mvua imechana barabara. Jioni kijito kilikuwa kinanguruma.

Alfajiri tulikimbia. Hata bibi alikimbia, kanga mkononi. Nilipofika kwenye mtego wa kwanza niliona maji yanachemka mdomoni mwake. Nilishika kamba, na kitu kikanivuta. Jamani! Kikapu kilikuwa kinapumua! "Iswi!" Lugano alipiga kelele, samaki, kwa lugha ya nyumbani, "iswi, iswi!" Baba mdogo aliruka majini na suruali, akashika upande wa pili, lakini akasema, "Inua wewe. Mimi nashikilia tu." Tuliutoa, ukamwaga kambale kwenye majani, weusi, wenye sharubu, wanapiga mikia kama makofi ya harusi. Mmoja alinichoma kidole gumba kwa mwiba wa pezi na sikusikia maumivu mpaka tulipofika nyumbani. Mitego yote minne ilijaa. "Ndaga fijo," bibi aliuambia mto, asante sana, akaurudishia mmoja. Aliyebaki mkubwa kuliko wote alipelekwa kwa Mzee Shabani, na aliyempeleka, kwa hiari yake, ni baba mdogo. Alirudi na daftari jipya, na ndani, kwa mwandiko mbaya sana, alikuwa ameandika siku ya mwezi.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, muhula uleule tuliofundishwa kwamba kambale huchochewa kupanda na ongezeko la ghafla la maji. Kwa hiyo najua. Siku ya kwanza maji hayakutosha, siku ya pili mlima ulifungua. Kwenye mtihani niliandika hivyo na nilipata A. Lakini mvua haikumfanya baba mdogo achuchumae kwenye tope mbele ya mtoto wa miaka tisa.

Siku hizi mwezi nauona kwenye simu, ukungu haunibabaishi. Novemba iliyopita vyote vilikutana, nikambeba baba mdogo kwa bodaboda, magoti yake hayashuki tena ule mlima. Tulipofika ukingoni akachota maji. "Haya, mwanangu. Una hasira na nani?"

Niliwataja. Nilimtaja aliyeniuliza kwenye intavyuu mimi ni mtoto wa nani, na yule aliyenitumia ujumbe kwamba nafasi imejazwa kabla tangazo halijatoka. Niliwataja waliokula ile nafasi kwa koneksheni, kwa majina yote matatu, nikarudi nikamtaja na waziri. Baba mdogo alichoka kusimama, akakaa juu ya mtego.

"Sekela," akasema, "kambale watazeeka."

Nilipuliza. Sitadanganya kwamba hasira iliisha, nipo nayo hapa ninapoandika. Ila siku ile ilikuwa nje, kwenye majani, tunaitazama wawili. Bibi hakuwahi kutukataza kukasirika. Alitukataza kumeza. Baba mdogo akanyoosha mkono nimwinue, tukashika kamba, tukaanza kutega.