Pai Aliyonyimwa Delia

Wilfred alimpenda mkewe Delia mpaka akageuka mlinzi wa mdomo wake. Delia alipokutwa na kisukari, nesi wa zahanati ya kijijini kwao Sipayik aliwashauri: vitu vitamu apunguze, vidonge asiache, na bluberi za mwituni, vitunda vya buluu, ale tu, kwani zina nyuzinyuzi na hazipandishi sukari haraka kama jamu.

"Ila si dawa hizo," nesi alisema. Wilfred hilo hakulitilia maanani.

Tangu hapo, kila asubuhi Delia aliwekewa uji wa shayiri na bakuli la bluberi, bila chembe ya sukari. Wakati wa theluji Wilfred alizitoa kwenye friza. Zilikuwa ndogo, kama shanga, kutoka nyanda zile zile walikokutana ujanani wakivuna kwa reki za chuma za mkono.

"We mzee, mimi si ndege," Delia alimtania. "Nitaota manyoya."

Mwezi wa pili, siku yake ya kuzaliwa, aliomba kitu kimoja.

"Nataka pai ya bluberi, kama ya marehemu mama. Yenye sukari na siagi. Kipande tu."

"Ukipofuka je?"

"Nitakusuta hivyo hivyo na upofu wangu."

"Mwakani, mama. Sukari ikitulia."

Delia alicheka kidogo, akavuta bakuli lake, akala.

Theluji haijaisha kuyeyuka, moyo ulimsimama akikunja nguo. Alipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Msibani majirani walileta vyakula, na pai zikajaa meza. Roberta, dada yake Delia, alimkatia Wilfred kipande. "Kula, shemeji." Wilfred alikitazama, akainuka, akaenda kukaa garini mpaka wageni walipoondoka.

Baadaye alimfuata nesi.

"Kipande kimoja cha pai kingemdhuru?"

"Kimoja, baba? Hapana. Tungepunguza wanga mwingine siku hiyo, basi."

"Kwa hiyo ningeweza kumpa."

Nesi akamshika mkono.

Mwezi wa nane Wilfred alikwenda kuvuna bluberi na Roberta. Alijaza ndoo mbili, kisha akakaa chini katikati ya mstari wake wa kuvunia, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Umechoka, shemeji?"

"Aliniomba mara moja tu, Roberta. Hakurudia tena."

Roberta aliiokota reki ya Wilfred na kuumalizia mstari ule, naye Wilfred akabaki palepale, akilia bila kujificha mbele ya wavunaji wengine.